Tusiwacheke waliomtolea Thor sadaka



Kila mara somo la Historia ya Kanisa linapofika kwa Mtakatifu Ansgar, darasa huchangamka. Mmonaki huyu Mbenedikto alifika Birka, mji wa biashara huko Sweden, karibu mwaka 830, baada ya maharamia kumnyang'anya njiani vitabu karibu 40. Sisi wenye kuazima vitabu maktaba tunamwonea huruma sana. Kisha linakuja swali: hivi wale aliowakuta, watu wazima, mabaharia hodari, waliwezaje kumwabudu mungu mwenye nyundo? Jibu hutolewa upesi. Walikuwa gizani, waliogopa radi. Tunacheka, tunafungua ukurasa unaofuata.

Ndugu wasomaji, jibu hilo kwetu ni la kivivu, na kwa mtu anayejiandaa kuwa mchungaji ni la hatari pia.

Tuanze na lugha yao. Watu wa Skandinavia ya kale hawakuwa na neno maalumu la "dini". Walipotaka kutofautisha ibada ya zamani na Ukristo walisema "desturi ya kale". Tunapouliza kwa nini waliamini, tunauliza swali la watu wenye Kanuni ya Imani, wanaosimama kila Dominika na kusema "Nasadiki". Wao hawakusimama kusema hivyo. Mtu hakuulizwa anasadiki nini juu ya Odin; kilichotazamwa ni kama amefika kwenye karamu ya sadaka pamoja na jirani zake.

Na karamu yenyewe ilikuwa kitu kikubwa. Wanyama walichinjwa, nyama ikapikwa, watu wakala na kunywa pamoja. Snorri Sturluson, Mkristo wa Iceland aliyeandika katika karne ya 13, anasema kikombe cha Odin kilinywewa kwa ajili ya ushindi na nguvu ya mfalme, na vikombe vya Njord na Frey kwa ajili ya mavuno na amani. Mavuno na amani! Katika nchi ambayo kiangazi ni kifupi na baridi ikiwahi shayiri haikomai, hilo si ombi la mchezo. Ni kusema: watoto wetu wafike majira ya kuchipua wakiwa hai, na jirani asije usiku na shoka.

Snorri huyo huyo anatusimulia habari za Hakon, mfalme wa Norway katika karne ya 10, aliyelelewa Uingereza katika Ukristo. Aliwaita wakulima kwenye baraza lao akawaagiza wabatizwe, waache sadaka, wapumzike Jumapili na kufunga Ijumaa. Wakulima wakanung'unika: tukiacha kazi siku nzima, shamba litalimwa na nani? Vibarua na watumwa nao wakasema hawawezi kufanya kazi bila chakula. Hakuna aliyesimama kutetea teolojia ya Thor. Walitetea shamba, chakula na imani waliyoachiwa na baba zao, na kwao hayo yalikuwa kitu kimoja. Baadaye mfalme alibanwa kwenye karamu ya sadaka. Alipofanya ishara ya msalaba juu ya kikombe, rafiki yake mmoja mkubwa akawatuliza watu kwa kusema kwamba hiyo ni ishara ya nyundo ya Thor. Tunatabasamu, lakini maskini Hakon! Alishindwa kula nao, akashindwa pia kukataa.

Tukiri jambo moja. Karibu maandishi yote tuliyo nayo juu ya ibada hizi yametoka kwa Wakristo, na mengi yaliandikwa muda mrefu baada ya ibada zenyewe kukoma. Hata Adam wa Bremen, aliyeeleza habari za hekalu la Uppsala katika miaka ya 1070, alisimulia aliyoyasikia kwa wengine. Anataja pia wanadamu waliotundikwa mitini kuwa kafara. Hatutaki kupamba giza. Damu ya mtu ni damu ya mtu.

Lakini woga na mazoea havimalizi habari. Kuna Egill Skallagrimsson, mshairi na mpiganaji wa Iceland. Mwanawe Bodvar alikufa maji. Saga yake inasimulia kwamba alijifungia ndani, akagoma kula, akitaka kufa, mpaka binti yake alipomshawishi kwa ujanja atunge shairi la maombolezo. Katika shairi hilo analalamika kwamba Odin, aliyemwamini kama rafiki, amevunja urafiki. Hasemi kwamba Odin hayupo. Anamgombeza, kisha anakiri kwamba ndiye aliyempa kipaji cha ushairi, na hicho kinamfidia kwa sehemu. Tumezoea kusali zaburi zenye uchungu wa namna hiyo. Anayemsoma Egill hawezi tena kusema kwamba watu hawa waliogopa ngurumo tu. Mungu wao alikuwa mtu wa kudaiwa.

Ndiyo maana hata kuongoka kwao kulipita njia hiyo hiyo. Rimbert, aliyeandika maisha ya Ansgar, anasimulia juu ya jeshi la Waswedi lililokwama likizingira ngome huko Kurland, katika miaka ya 850. Walipiga kura kuuliza ni mungu yupi kati ya miungu yao atawasaidia, hakuna aliyekubali. Wafanyabiashara waliokuwa nao wakakumbuka mafundisho ya Ansgar, wakashauri kura ipigwe kwa Kristo. Ikakubali. Ngome iliposalimu amri, askari wakauliza wamlipe nini Kristo, wakaelekezwa kufunga na kutoa sadaka kwa maskini. Je, hiyo ilikuwa imani? Wengine wetu wanasema ni biashara tu. Sisi tunaona ni mlango, na mlango haudharauliwi kwa sababu si sebule. Lililo baya zaidi ni upanga wa wafalme waliobatiza watu kwa vitisho, na hao walikuwa wa upande wetu.

Sasa tumtazame Helgi, aliyeitwa Mwembamba, mmoja wa walowezi wa kwanza wa Iceland. Alimwamini Kristo, lakini kwa safari za baharini na mambo magumu alimwita Thor. Alipoikaribia nchi mpya alimuuliza Thor mahali pa kushukia. Alipokwisha kujenga, shamba lake akaliita Kristnes, yaani Rasi ya Kristo.

Tunaotarajia kukaa kitubioni tutamsikia Helgi mara nyingi. Atakuja na rozari shingoni na hirizi mfukoni, mtoto wake akiwa mgonjwa. Tukimwambia kwamba ni mjinga, atainama, ataondoka, na usiku ule ataenda kule kule. Afadhali tumuulize kwanza ni bahari ipi anayotaka kuivuka, na kwa nini alidhani Kristo hasafiri majini.