Koo Nyingi, Kinga Moja



Mzazi wa vilimani Buhinyuza, upande wa Muyinga, aweza kuuliza: ikiwa kirusi cha homa ya ini B cha kwetu hakifanani na cha ng'ambo, chanjo iliyotengenezwa huko itamfaa nini mwanangu? Swali ni la haki, na jibu lake ni la faraja.

Kweli, kirusi hiki kina koo mbalimbali, zilizopewa herufi kuanzia A. Ukoo A umeenea Afrika ya Mashariki. E umetawala Afrika ya Magharibi. B na C Asia ya Mashariki. Lakini koo zote zimevaa gamba lenye alama moja ya pamoja. Gamba hilo lilitambuliwa na Dakta Baruch Blumberg wa Marekani katika damu ya mwenyeji wa asili wa Australia, akaitangaza habari hiyo mwaka 1965. Chanjo huufundisha mwili kuijua alama hiyo. Ndiyo maana hukinga dhidi ya koo zote.

Burundi huwachanja watoto tangu mwaka 2004, katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Haraka hiyo ina sababu: kati ya watoto wachanga 10 wanaoambukizwa, takriban 9 hubaki na kirusi kwa miaka mingi, na ini laweza kusinyaa au kupata saratani. Watu wazima walio wengi hupona.

Nawe askari, usiazimane wembe kambini. Ugonjwa huu hupita katika damu na tendo la ndoa, wala si katika sahani moja. Baba na mama, timizeni sindano zote tatu.