Cheti cha Myahudi Mweusi

Rabi Gershom Sizomu ni Mganda wa Mbale, chini ya Mlima Elgon. Mwaka 2008 alihitimu urabi katika Shule ya Ziegler, Los Angeles. Rabi mweusi akiwa Marekani hakosi mialiko, lakini Sizomu alifunga mizigo akarudi kwao Nabugoye, kilima chenye sinagogi, shule na migomba. Alirudi kulea jamii ya Abayudaya, Wayahudi wa Uganda, na kumfungulia mlango kila anayetaka kuingia kwa utaratibu.

Hilo barazani halieleweki. Wiki hii jina lake lilitajwa penye kahawa moja mjini Mombasa, na yule bwana wa kiti cha ukutani, anayejulikana kwa wasomaji wa safu hii kwa elimu yake pana na deni lake la vikombe, hakusubiri habari iishe. Myahudi mweusi, alitamka, ni mtu anayetafuta mfadhili tu. Cheti chake kiko wapi? Cheti cha Myahudi wa Brooklyn hakijawahi kuulizwa hapo hata siku moja. Yule hutambuliwa kwa kofia na ndevu, yakaisha. Watu wakacheka, tangawizi ikaongezwa, na hukumu ikapita bila wa kuipinga.

Mfadhili gani basi, mwaka 1919? Semei Kakungulu, mwanzilishi wa jamii hiyo, alikuwa jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitiisha mashariki ya Uganda. Alitarajia ufalme, akaambulia cheo na ahadi. Kwa hasira alijitenga Mbale, akajiunga na Wamalaki, madhehebu ya Kikristo yaliyokataa dawa za hospitali, akaanza kuisoma Biblia mstari kwa mstari. Alipofika kwenye tohara hakuona mahali ilipofutwa. Mwaka huo wa 1919 akatahiriwa, yeye na wanawe. Wenzake walipomwambia kwamba hayo ni mambo ya Wayahudi, alijibu kuwa kama ni hivyo, basi yeye ni Myahudi. Mgeni mmoja aitwaye Yosef, aliyepita huko mnamo mwaka 1920, alimwongezea elimu ya sikukuu na ya kuchinja, lakini uamuzi alikuwa ameshaufanya mwenyewe. Watu wa namna hii huwaudhi wataalamu wa barazani, kwa sababu hawakungoja kuhubiriwa na mtu.

Kakungulu alifariki mwaka 1928. Jamii ikaendelea mikononi mwa wazee, akiwemo Samson Mugombe, babu yake Sizomu, hadi Idi Amin aliposhika nchi mwaka 1971 na kupiga marufuku dini yao. Masinagogi yakafungwa, na waliokadiriwa kuwa 3,000 wakabaki kama 300. Wengine waliingia Uislamu au Ukristo ili mradi usiku upite salama. Waliobaki walisali kwa kunong'ona. Sizomu amesimulia jinsi baba yake alivyokamatwa kwa ajili ya dini hiyo na kuachiliwa baada ya kutoa mbuzi. Kampala iliangushwa na jeshi la Tanzania pamoja na wakimbizi wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979. Jioni ya siku hiyo hiyo, kwa kalenda ya Kiyahudi, ndiyo iliyofungua Pasaka, sikukuu ya kutoka utumwani. Bwana wa ukutani hupenda kusimulia vita vile kana kwamba alikuwapo, lakini habari hii haijapata kumtoka.

Vijana wa kizazi cha Sizomu ndio waliofufua ibada katika miaka ya 1980. Zaburi waliziimba kwa Kiganda, kwa tuni zao wenyewe, na nyimbo hizo baadaye zilirekodiwa na Smithsonian Folkways na kuteuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Katika sinagogi la Nabugoye mwanamke huitwa kusoma Torati kama mwanamume. Watoto wa Kikristo na wa Kiislamu husoma katika shule za jamii hiyo. Mwanajamii mwenzake J. J. Keki, aliyekuwa New York siku ya mashambulizi ya Septemba 2001, alianzisha mwaka 2004 ushirika wa kahawa wa Mirembe Kawomera, wa wakulima Wayahudi, Wakristo na Waislamu. Mwaka 2016 wapiga kura wa Bungokho Kaskazini, ambao wengi wao si Wayahudi, walimpeleka Rabi Sizomu bungeni.

Si wote waliofurahia njia hiyo ya kufungua mlango. Watu wa Putti, kilima cha jirani, waliona Uyahudi wa Nabugoye umelegea mno, wakafuata ule wa Kiothodoksi. Mlango uliofunguliwa sana humpa mwenye msimamo mkali sababu ya kutoka, na Sizomu hana dawa ya hilo.

Ama kuhusu cheti, kwa taarifa ya baraza, kilipatikana. Mwaka 2002 mamia ya Abayudaya, watu ambao jamaa zao walizaliwa na kuzikwa kama Wayahudi kwa vizazi, walikubali kusimama mbele ya marabi wa tapo la Kihafidhina na kuzama majini kama waongofu. Kulikuwa na wazee waliolionea uchungu jambo hilo, na haki walikuwa nayo.

Cheti cha namna hiyo hakikutosha mbele ya Israeli. Desemba 2017 kijana mmoja Mkenya, kutoka jamii ndogo ya Wayahudi wa Kasuku, Nyandarua, alitua uwanja wa Ben Gurion akiwa na viza, akielekea kusoma Jerusalem. Alizuiliwa usiku kucha, akarudishwa. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israeli ilisema alificha kwamba aliwahi kukataliwa viza. Mwaka uliofuata wizara hiyo ilikataa pia ombi la Mwabayudaya aliyetaka kuhamia huko, ingawa Shirika la Kiyahudi lilikwisha kuitambua jamii yake mwaka 2016. Zamani aliyekataa alikuwa upande wa pili: mwaka 1903 Waingereza walipendekeza kuwapa Wayahudi wa Ulaya ardhi ya Uasin Gishu, leo Kenya, na mwaka 1905 mkutano wa Wazayuni mjini Basel ukaikataa. Ardhi ilikataliwa kwa kura, baada ya kutumwa tume kuikagua. Mwafrika anayesali kwa Kiebrania hukataliwa na karani wa dirishani.