MWENYEJI AULIZWE KWANZA

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hiyo twaikubali. Lakini haikusema kwamba mwenyeji aamke asubuhi akute mahema katika malisho yake, wala pasiwe na mtu wa kumweleza ni ya nani na yatakaa hadi lini. Ugeni wa namna hiyo humtia mwenyeji shaka, na shaka ikikaa huzaa chuki.

Natutazame mambo ya Turkana, kaskazini-magharibi ya Kenya. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992 kuwapokea watu waliokimbia vita vya Sudan. Vita vya Sudan Kusini vilipozuka Desemba 2013, Kakuma ilifurika, ikapasa kutafuta makazi mapya upesi. Mwaka 2015 serikali ya kaunti ilitenga hektari 1,500 huko Kalobeyei baada ya mashauriano na wenyeji, na mwaka 2016 wakimbizi wakaanza kuhamia. Ilikubaliwa kwamba shule, zahanati na maji vitumiwe na mgeni na mwenyeji pamoja. Katika mpango wa Bamba Chakula, mkimbizi alipewa fedha za chakula kwa njia ya simu, akanunua katika maduka ya wakimbizi wenziwe na ya Waturkana.

Wako wasemao kwamba kuuliza watu ni kupoteza wakati, maana mwenye njaa hangojei mkutano. Twawajibu hivi: mkimbizi apewe chakula na kivuli leo hii, hilo halina mjadala. Lakini makazi ya miaka mingi ni neno jingine. Kwa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ardhi ya jamii isiyosajiliwa hushikwa na serikali ya kaunti kwa amana tu. Mwenye amana hana budi kumwuliza mwenye mali. Anapoitisha baraza hamfanyii mfugaji hisani. Anatimiza wajibu wake.

Tena kuuliza kuna namna yake. Waturkana wana desturi ya kukutana chini ya mti. Basi afisa na akae chini ya mti huo, aseme kwa lugha ya watu. Wanawake wauzao kuni na makaa kwa wakimbizi nao waitwe, kwani biashara yao imo humo. Aseme ni watu wangapi watakuja, wametoka wapi, maji yatatoka kisima gani, na njia ya mifugo itapita wapi. Asilolijua aseme halijui. Kisima kilichoahidiwa kisichimbwe huharibu kazi kuliko kunyamaza.

Wala habari zisikome siku ya kutia sahihi. Mwaka 2025 msaada wa chakula ulipopunguzwa, pigo halikumshukia mkimbizi peke yake. Mwenye duka aliyemtegemea mkimbizi kama mteja naye aliumia. Watu hao wote walistahili kuambiwa mapema, na kwa ukweli.

Twasema haya kwa sababu mwezi wa Machi 2025 Kenya ilizindua Mpango wa Shirika, wenye nia ya kuzigeuza kambi za Kakuma na Dadaab kuwa makazi ya wakimbizi na wenyeji pamoja. Nia ni njema. Lakini mfugaji asipoelezwa, ataelezwa na mwenye fitina.

Ndugu wafanyakazi, walimu, wauguzi na madereva mnaohudumu huko, ninyi ndio mnaoulizwa habari njiani kabla ya afisa kufika. Jibuni kwa kweli, na maswali yaliyowashinda yapelekeni kwa wakubwa, wala msiyaache yafe. Nanyi viongozi, yachukueni maswali hayo mwende nayo barazani, kabla hema la kwanza halijasimamishwa.