Pumzi ya Mtoto ni Haki Yake



Tunapozungumza juu ya haki za binadamu, kwa desturi tunataja ardhi, ujira, kura na mahakama. Ni nadra kutaja pumzi. Labda ni kwa sababu aliye mzima huvuta hewa bila kufikiri, na kitu tunachokipata bila kufikiri hatukihesabu kuwa ni haki. Lakini mtoto mwenye pumu hukihesabu. Yule aketiye kitandani saa nane za usiku, mabega yamepanda, kifua kinalia kama filimbi na maneno yanamtoka moja moja, anajua kwamba pasipo pumzi hakuna shule, hakuna mchezo, wala hakuna kesho.

Katika toleo hili twapenda kumwalika msomaji atazame mbali kidogo na kwetu, hadi Australia, nchi yenye mali na hospitali nyingi. Wenyeji wa asili wa nchi ile, yaani Waaborijini na watu wa Visiwa vya Torres Strait, walikuwa kiasi cha asilimia 3.8 ya wananchi wote mwaka 2021. Katika uchunguzi wa afya wa mwaka 2018–19, watu wapatao 16 katika kila 100 miongoni mwao walisema wana pumu, hali kwa taifa zima hesabu ni kama 11 katika kila 100. Katika uchunguzi huohuo, asilimia 37 ya wenyeji hao wenye umri wa miaka 15 na zaidi walikuwa wakivuta sigara kila siku. Tarakimu hizi mbili hazikai mbalimbali. Mara nyingi hulala katika nyumba moja.

Pumu ni ugonjwa wa njia za hewa mapafuni. Njia hizo huvimba kwa ndani, misuli inayozizunguka hujikaza, na ute mzito huziba nafasi ndogo iliyobaki. Moshi wa tumbaku huchokoza hali hiyo. Si lazima mtoto avute sigara mwenyewe ndipo adhurike. Yatosha akae katika chumba ambamo mkubwa anavuta, au awe tumboni mwa mama avutaye. Na kijana mwenye pumu akianza kuvuta hujidhuru mara mbili: anauchochea ugonjwa, tena anaidhoofisha dawa ya kila siku ya kutuliza uvimbe, kwani dawa hiyo haifanyi kazi vizuri katika mapafu ya mvutaji. Kwa hiyo kumfundisha kijana habari za pumu bila kumfundisha habari za sigara ni kumpa nusu ya ukweli.

Lakini kabla hatujamnyoshea kidole kijana wa Kiaborijini, tuulize tumbaku ilimfikiaje. Ni kweli kwamba tangu kale baadhi ya wazee wake walitafuna majani yenye nikotini, yaitwayo pituri, kwa kufuata mila zao. Watu wa pwani ya kaskazini nao walipata tumbaku na viko kwa mabaharia wa Makassar waliokuja kuvua majongoo ya bahari. Ila mazoea ya kila mtu na ya kila siku yalienezwa na utawala wa kikoloni. Tumbaku ilitumiwa kuwavuta watu wasogee karibu na vituo vya serikali, mashamba ya ng'ombe na misheni. Mtu alifanya kazi kutwa juu ya farasi, na jioni akapewa unga, sukari, chai na kipande cha tumbaku badala ya mshahara. Ni mwaka 1966 tu ndipo baraza la usuluhishi wa kazi lilipoamua kwamba wafanyakazi wa Kiaborijini katika mashamba ya ng'ombe walipwe sawa na wenzao, na hata hivyo uamuzi huo ulianza kutekelezwa Desemba 1968.

Tumetaja misheni, wala hatutaliruka neno hilo. Vituo vya Kikristo vya madhehebu mbalimbali viligawa tumbaku, mara kama ujira, mara kama chambo. Huenda walioigawa hawakujua bado yale ambayo sayansi ilikuja kuyathibitisha katika miaka ya 1950 juu ya sigara na saratani ya mapafu. Hata hivyo, walijua kwamba mtu aliyezoea kitu hurudi kwa yule anayekigawa, na walilitumia jambo hilo. Kanisa linalosema juu ya haki halina budi kulikiri bila kujitetea. Nasi tulio makasisi hatuna ruhusa ya kusimama mbele ya mjukuu wa mfanyakazi yule na kumhubiria juu ya sigara kana kwamba udhaifu ni wake peke yake. Mkono ulioweka tumbaku katika kiganja cha babu yake ulikuwa na tasbihi au Biblia katika mkono wa pili.

Basi nani atamfundisha? Jibu moja jema limetoka katika shule zenyewe. Watafiti wa Sydney, miongoni mwao Smita Shah, waliandaa mpango uitwao Triple A, ambao walimu wake ni wanafunzi. Wanafunzi wa darasa la 11 waliojitolea hufundishwa habari za pumu na namna ya kuendesha somo. Hao huwafundisha wenzao wa darasa la 10. Kisha wale wa darasa la 10 huwaeleza wadogo wao wa darasa la 7 kwa maigizo, nyimbo na michezo waliyoitunga wenyewe. Mpango huo ulijaribiwa katika shule 6 za sekondari za mashambani, na matokeo yakachapishwa mwaka 2001: siku za kukosa shule zilipungua kwa wanafunzi wenye pumu waliofundishwa, na maisha yao yakawa mepesi zaidi. Katika shule ambazo hazikufundishwa, mashambulio ya pumu shuleni yaliongezeka. Baadaye njia hiyo ilipelekwa Yordani, na huko somo la kuikataa sigara likaunganishwa na somo la pumu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha vijana wakiwa na ujasiri zaidi wa kuikataa.

Mpango huo haukutungwa kwa ajili ya Waaborijini peke yao, lakini ndani yake mna jambo linalowafaa hasa watu waliozoea kuamriwa na wageni. Kijana hasikii sauti ya ofisa aliyetumwa kutoka mjini. Anasikia sauti ya dada yake mkubwa, binamu yake, mwenzake wa timu ya mpira. Naye anayefundisha hujifunza kwamba watu wake si wagonjwa wa kuhurumiwa tu. Wana maarifa, na wanaweza kuyapitisha mkono kwa mkono.

Yanayofundishwa si magumu. Mtoto akishikwa na pumu, aketishwe wima, wala asilazwe; mwenzake abaki naye na kumtuliza. Apewe dawa ya kuvuta ya kufungua njia za hewa mipulizo 4, mmoja mmoja, kwa kutumia chupa ya plastiki ya kuvutia dawa ikiwapo, akipumua mara 4 baada ya kila mpulizo. Wangoje dakika 4. Asipopata nafuu warudie, na msaada wa hospitali uitwe mara moja. Hivyo ndivyo wanafunzi wa Australia wafundishwavyo. Mtoto wa miaka 12 aweza kuyashika maneno hayo, na kwa maneno hayo aweza kumwokoa jirani yake wa dawati.

Yupo atakayesema: somo la darasani litafaa nini, ikiwa kijana anarudi katika nyumba yenye watu wengi na moshi mwingi, na zahanati iko mwendo wa siku nzima? Swali hilo ni la haki, wala hatulidharau. Elimu isiyofuatwa na nyumba bora, dawa na mganga hugeuka kuwa njia ya kumlaumu mgonjwa. Lakini mambo haya hayapingani. Tangu mwaka 2010 Australia imekuwa na mpango wa taifa wa kupambana na sigara miongoni mwa wenyeji wa asili, ulioongozwa kwa miaka mingi na Tom Calma, mzee wa kabila la Kungarakan, na kuendeshwa kwa sehemu kubwa na vyama vya wenyeji wenyewe. Desemba 2012 pakiti za sigara zilivuliwa rangi na nembo zao za kuvutia kwa amri ya sheria. Wavutaji wa kila siku miongoni mwa wenyeji walishuka kutoka asilimia 41 mwaka 2012–13 hadi 37 mwaka 2018–19. Safari bado ni ndefu, wala muuzaji hajalala: amewaletea vijana sigara za kielektroniki zenye ladha ya matunda, hata serikali ikalazimika mwaka 2024 kuzuia zisiuzwe nje ya maduka ya dawa.

Msomaji ataniuliza: hayo ya Australia yatuhusu nini? Yatuhusu kwa sababu mtoto mwenye pumu yupo pia katika darasa letu, na mara nyingine huitwa mvivu anaposhindwa kukimbia mchakamchaka. Yatuhusu kwa sababu sheria ya kukataza kumwuzia sigara aliye chini ya miaka 18 ipo Tanzania tangu mwaka 2003 na Kenya tangu 2007, lakini sheria hailindi mtoto ikiwa wakubwa wa mtaa hawaijali.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu. Kwanza, kila mwalimu mkuu awajue wanafunzi wake wenye pumu, na dawa zao zisifungiwe kabatini ambako ufunguo hauonekani. Pili, wanafunzi wakubwa wapewe nafasi ya kuwafundisha wadogo, maana mtoto humwamini mtoto. Tatu, sisi wakubwa, makasisi, makatekista, walimu na wazazi, tusivute mbele ya watoto, wala tusimtume mtoto dukani kutununulia sigara. Anayemtuma mtoto sigara leo hana tofauti kubwa na yule aliyegawa tumbaku pale misheni: wote wawili humzoesha mdogo kitu ambacho baadaye kitamnyima pumzi.

Haki huanza pale mwenye nguvu anapokubali kuulizwa. Watoto wa Kiaborijini wana haki ya kutuuliza juu ya tumbaku ya babu zao. Watoto wetu nao watatuuliza juu ya hii ya leo. Tujiandae kuwajibu kwa matendo.