Plasta ya sugu si ya kila mguu

Shangazi yangu wa Mtongwe alikuwa na sugu juu ya kidole kidogo cha mguu wa kulia, ngumu kama punje ya mahindi makavu. Kila alfajiri aliushuka ule mteremko wa kivuko cha Likoni akiwa na beseni la mahamri kichwani, na kila hatua ya kushuka ilisukuma vidole mbele vikagonga kiatu. Siku moja akaingia katika duka la dawa, akasema, "Mwanangu, nipe zile plasta za sugu, hili dude laniuma hata usingizi sipati." Akapewa, akalipa, akaenda zake. Hakuulizwa lolote. Mimi nilipomwuliza jioni, "Shangazi, na ile sukari yako je?" alinicheka. "Sukari i kwenye damu, mwanangu. Haiko kidoleni."

Nitarudi kwake. Kwanza, mpenzi msomaji, tuelewane sugu ni kitu gani, maana wengi hubandika dawa juu ya kitu wasichokijua.

Sugu ni ngozi inayojikinga. Mahali panaposuguliwa na kubanwa kila siku, ngozi hujirundika tabaka juu ya tabaka, na pale katikati ikajikaza kuwa kiini kilichochongoka kuelekea ndani. Ukivaa kiatu, kiini hicho hudunga nyama kama kijiwe. Nyingi huota juu au kando ya vidole. Ziko pia zile laini, nyeupe, zinazoota baina ya kidole na kidole kwa sababu ya unyevu. Anayetia udhu mara tano kwa siku kisha akavaa kiatu bila kukausha katikati ya vidole anazijua vizuri. Na ziko zisizouma kamwe, kama ile ya kwenye kifundo inayotokana na kukaa kwenye msala. Hiyo iache ilivyo.

Chunjua la unyayoni si sugu, ijapokuwa hufanana. Ukilibinya kutoka kando kwa vidole viwili ndipo huuma zaidi, hali sugu huuma ukiigandamiza moja kwa moja kutoka juu. Mistari ya ngozi hukatika inapofika kwenye chunjua, na ukilitazama vizuri aghalabu utaona vidoa vyeusi vidogo, ambavyo ni damu iliyoganda katika mishipa yake. Kidoa cheusi kimoja kinachowasha, hasa kwa mtoto anayecheza pekupeku mchangani, huenda kikawa funza. Yeye hatolewi kwa plasta.

Basi hizi plasta za dawa. Nyingi zina asidi ya salisiliki, na nguvu iliyozoeleka kwa plasta za kukata sugu ni asilimia 40. Asidi hii huilegeza ile gundi inayoshikanisha ngozi iliyokufa, ngozi ikageuka nyeupe na laini, ikasuguka. Shida ni kwamba asidi haina macho. Haijui hapa ni sugu na hapa ni ngozi nzima ya mwenyewe, huila yote inayoifikia. Kwa hiyo plasta hukatwa kwa mkasi ilingane na sugu, wala isizidi hata kwa upana wa uzi.

Dukani, omba pakiti iliyofungwa, yenye maandishi unayoweza kuyasoma: dawa ni gani, nguvu yake kiasi gani, itaharibika lini. Plasta zinazotembezwa kwenye matatu au kuanikwa juani kando ya barabara mimi singezinunua. Ziko pia plasta za pete, za sponji au pamba nzito, zenye tundu katikati. Hizo hazina dawa. Kazi yake ni kuizuia sugu isiguswe na kiatu, na watu wengi wenye sugu changa hawahitaji zaidi ya hiyo pete na kiatu kipana.

Matumizi hayana ugumu. Loweka mguu katika maji ya uvuguvugu dakika 5, kausha kabisa, bandika plasta uliyoikata. Iondoe baada ya saa 48, usugue taratibu ile ngozi nyeupe kwa jiwe la miguu, lile jepesi lenye vitundu, kisha ubandike nyingine. Usipitishe siku 14. Kama maandishi ya pakiti yanasema vingine, fuata ya pakiti. Panapochomachoma kidogo si ajabu, lakini pakiwa pekundu, pakivimba au pakitoa maji, bandua uoshe, na usirudishe nyingine. Wenye kutia udhu, habari ya kupangusa juu ya plasta muulizeni maalim wenu. Langu ni kuwa plasta iliyorowa huteleza, ikahamia kwenye ngozi nzima ya jirani, basi itazameni kila mara. Baina ya vidole msiibandike bila ushauri, kwa kuwa ngozi ya hapo ni nyororo na asidi huenea upesi.

Na wembe? Nimewaona vijana wa Changamwe, wakivua mabuti jioni, wakichonga sugu kwa wembe kama wachongao mpini. Ukikata kidogo zaidi damu imetoka, na kidonda cha mguuni kwenye vumbi ni mlango wa pepopunda. Wembe wenyewe huwa ni wa chumba kizima.

Wasioruhusiwa plasta hizi ni wengi kuliko inavyodhaniwa: mwenye kisukari, mwenye mishipa ya damu iliyoziba miguuni, aliyekufa ganzi miguuni kwa ugonjwa wowote, ukoma ukiwa mmojawapo, mwenye kidonda au usaha mahali penyewe, na anayedhuriwa na aspirini, kwani dawa hizi ni ndugu. Mja mzito amwulize daktari kwanza, na mtoto asibandikwe bila daktari kumwona.

Sasa shangazi. Alibandika plasta nzima bila kuikata, akavaa soksi, akaendelea na mahamri yake. Sugu ilipoacha kuuma alisema dawa imefanya kazi. Plasta ikakaa juma zima. Sukari iliyopanda kwa miaka huua mishipa ya fahamu ya miguu, na pia huibana mishipa ya damu. Kwa hivyo asidi ilipoanza kula nyama hakusikia kitu, na damu ya kuponya haikufika. Tulichokiona tulipovua soksi ni shimo jeusi lenye harufu. Hospitalini walijaribu majuma matatu. Kidole kilikatwa. Daktari alituambia tumshukuru Mungu kwamba haukuwa mguu.

Iko njia rahisi ya kumpima mzazi nyumbani, iliyobuniwa katika hospitali ya Ipswich, Uingereza. Afumbe macho. Mguse kwa wepesi, kwa ncha ya kidole chako, muda wa sekunde moja au mbili, kwenye ncha za vidole vya mguu: gumba, cha kati na kidogo, mguu huu na ule. Usibonyeze wala usipapase. Aseme kila anapoguswa. Akikosa viwili au zaidi katika vile sita, miguu hiyo imeanza kufa ganzi, na sugu zake zipelekwe kliniki ya kisukari. Asiloweke miguu, na jiwe asishike.

Asiye na maradhi hayo naye asijidanganye kwamba plasta imemaliza kazi. Kiatu kilichoileta sugu kikibaki, sugu itarejea. Viatu vya mitumba vya Kongowea vina tabia ya miguu ya mwenye kuvivaa kwanza, na wanafunzi wengi huvaa cha mwaka juzi mpaka kidole kichungulie. Nunua jioni, mguu ukiwa umevimba kwa mwendo wa siku. Kabla ya kutoka nyumbani simama juu ya karatasi ngumu, uuchore mguu wako kwa kalamu, ukate mchoro ule uende nao sokoni. Uingize ndani ya kiatu kabla hujauliza bei. Karatasi ikikunjika pembeni, mrudishie muuzaji kiatu chake.