Je, Watu 14 Watosha?

Kila mwaka, kabla ya mashindano ya mpira wa miguu kuanza, huzuka ubishi mkubwa kati ya watu waupendao mchezo huo. Mmoja husema kwamba timu yake ina wachezaji tele, na mwenzake humjibu kwamba wachezaji hao hawatafika mwisho wa mwaka wakiwa wazima. Wale wasemao kwamba watu wachache watosha wana mfano mmoja waupendao sana, nao ni mfano wa Aston Villa, chama cha mpira cha mji wa Birmingham katika nchi ya Uingereza. Mfano huo ni wa kweli. Lakini wengi hawausomi mpaka mwisho, na habari isomwayo nusu hupoteza watu kuliko habari isiyosomwa kabisa.

Habari yenyewe ni hii. Mashindano ya daraja la kwanza ya Uingereza yalianza mwezi wa Agosti 1980, yakaisha Mei 1981. Timu zilikuwa 22, na kila timu ilikutana na kila mwenzake mara mbili, mara moja nyumbani na mara moja ugenini; basi kila moja ilikuwa na michezo 42 mbele yake. Aston Villa, ikiongozwa na mwalimu wake Ron Saunders, iliicheza michezo hiyo yote kwa watu 14 tu. Saba kati yao hawakukosa hata mchezo mmoja, nao ni golikipa Jimmy Rimmer, Kenny Swain, Ken McNaught, nahodha Dennis Mortimer, Des Bremner, Gordon Cowans na Tony Morley. Mbele alisimama Peter Withe, mtu mrefu mwenye nguvu, aliyefunga magoli 20, na pamoja naye kijana Gary Shaw, aliyefunga 18. Siku zile timu iliyoshinda ilipewa alama 2, na timu zilizotoka sare zilipewa alama moja moja. Villa ilishinda mara 26, ikatoka sare mara 8, ikashindwa mara 8. Mwanafunzi na achukue kalamu ahesabu mwenyewe, ataona kwamba jumla ni alama 60. Kwa alama hizo Villa ikawa bingwa wa Uingereza, jambo ambalo halikuwa limeipata tangu 1910.

Mtu asikiapo hayo hupiga makofi na kusema, "Basi, watu 14 watosha!" Lakini yapasa kumwuliza: watosha kwa kazi gani? Wapagazi ishirini watosha kwa mwendo wa siku mbili. Kwa mwendo wa miezi mitatu watu wale wale hawatoshi, hata wawe hodari namna gani. Hakuna awezaye kusema kwamba watu ni wengi au ni wachache kabla hajauona mzigo.

Ili kuujua mzigo huo, itazamwe timu iliyoshika nafasi ya pili mwaka ule ule. Hiyo ilikuwa Ipswich Town, timu ya mji usio mkubwa katika mashariki ya Uingereza, iliyofundishwa na Bobby Robson. Ipswich ilikutana na Villa mara tatu katika mwaka huo, mara mbili katika mashindano ya daraja la kwanza na mara moja katika Kombe la FA, na mara zote tatu ilishinda. Walakini mwisho wa mwaka Ipswich ilikuwa na alama 56, na Villa 60. Imekuwaje timu iliyomshinda mwenzake mara tatu ikabaki nyuma yake?

Sababu haikuwa moja tu, lakini iliyo kubwa yaonekana katika hesabu ya michezo. Villa ilitolewa mapema katika makombe yote mawili ya nchini, tena katika Kombe la FA ilitolewa kwa mchezo wake wa kwanza kabisa, na walioitoa walikuwa hao hao Ipswich. Wala haikuwa na mashindano ya Ulaya. Kwa hiyo mwaka mzima ilicheza michezo 46. Ipswich ilisonga mbele katika Kombe la FA mpaka nusu ya mwisho, na katika Kombe la UEFA la Ulaya ilikwenda mpaka mwisho wenyewe, ikalitwaa. Jumla yake ilikuwa michezo 66. Tofauti ni michezo 20, yaani karibu nusu ya mashindano mengine ya daraja la kwanza! Yumkini hakuna mtu wa Birmingham aliyeshukuru siku timu yake ilipotolewa na Ipswich katika Kombe, lakini kushindwa kule kuliwapa wachezaji wa Saunders mapumziko ambayo fedha haziwezi kuyanunua.

Yatazamwe yaliyoipata Ipswich katika mwezi wa Aprili 1981 peke yake. Tarehe 8 ilicheza na Köln ya Ujerumani katika Kombe la UEFA. Tarehe 11 ilicheza na Manchester City katika nusu ya mwisho ya Kombe la FA, na kwa kuwa dakika 90 hazikutoa mshindi, iliwabidi wakimbie dakika 120, wakafungwa goli moja. Tena siku ile Kevin Beattie, mlinzi wao wa sifa, alivunjika mkono. Tarehe 14 walikwenda Birmingham wakaifunga Villa 2 kwa 1, na watu wengi wakadhani kwamba ubingwa sasa ni wa Ipswich. Tarehe 18 wakafungwa na Arsenal nyumbani kwao. Tarehe 20 wakafungwa na jirani zao wa Norwich. Tarehe 22 wakawa Ujerumani, wakaishinda Köln mara ya pili. Hiyo ni michezo sita kwa siku 15, na aghalabu miguu iliyocheza ilikuwa ile ile. Mwaka ule wachezaji wa Uingereza walimchagua John Wark wa Ipswich kuwa mchezaji bora, na waandishi wa habari wakamchagua Frans Thijssen, naye ni wa Ipswich. Timu yenye watu wa namna hiyo haikukosa ustadi. Ilikosa watu wengine wa kuushika ustadi huo siku wenyewe walipochoka.

Tarehe 2 Mei mambo yakaisha kwa namna ya ajabu. Villa ilifungwa na Arsenal 2 kwa 0 katika mchezo wake wa mwisho. Saa hiyo hiyo Ipswich ilikuwa Middlesbrough, ikafungwa 2 kwa 1. Basi Villa ikavikwa taji siku ambayo yenyewe imeshindwa. Wasemao kwamba watu 14 watosha hawaikumbuki sana siku hiyo.

Ni haki pia kusema neno kwa ajili ya Saunders, maana bahati peke yake haiwezi kuifikisha timu kwenye alama 60. Wale watu wake wachache hawakuwa 11 wenye kazi na 3 wa kuangalia tu. Colin Gibson na Gary Williams walipokezana katika ulinzi, kila mmoja akicheza karibu nusu ya michezo, hata ikawa vigumu kusema nani ndiye mwenye nafasi na nani ni wa akiba. Withe alipokosekana mbele, aliingia David Geddis. Kila aliyeingia aliijua kazi yake na aliwajua wenzake. Hapo ndipo penye kiini cha jambo, nacho husahauliwa na watu wahesabuo majina. Akiba haiozi, wazee walisema; lakini nafaka iliyotiwa ghalani bila kukaushwa huota ukungu, na mwenye ghala hilo hujidanganya kuwa ana chakula.

Mfano wa ghala la namna hiyo haukosekani, wala hauko mbali, maana watokea katika chama hicho hicho cha Aston Villa, karibu miaka 40 baadaye. Mwaka 2019 Villa ilirudi katika ligi kuu ya Uingereza, ikanunua wachezaji wapya zaidi ya kumi. Majina yalikuwa mengi, na mtu aliyehesabu aliridhika. Hata tarehe 1 Januari 2020, ilipocheza na Burnley, mshambuliaji wake Wesley alifunga goli, na kabla mchezo haujaisha akaumia goti. Katika mchezo huo huo golikipa Tom Heaton naye akaumia goti. Wala Wesley wala Heaton hakucheza tena katika mashindano ya mwaka ule. Ndipo ikaonekana kwamba katika majina yale yote hapakuwa na mshambuliaji wa kati ambaye timu iliweza kumtegemea mpaka mwisho wa mwaka. Katikati ya mashindano ikabidi kutafuta watu nje: golikipa Pepe Reina akaazimwa kutoka Milan, na mshambuliaji akanunuliwa kutoka Genk ya Ubelgiji.

Mshambuliaji huyo alikuwa Mbwana Samatta, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliyecheza Simba, kisha TP Mazembe ya Kongo, ambayo ilitwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2015 naye akiwamo. Alikuwa Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi kuu ya Uingereza, na wa kwanza kufunga goli ndani yake. Alilifunga tarehe 1 Februari 2020, katika mchezo wa Bournemouth. Tarehe 1 Machi alifunga tena, kwa kichwa, katika mchezo wa mwisho wa Kombe la Ligi uwanjani Wembley, ingawa Manchester City ndiyo iliyoshinda, 2 kwa 1. Katika ligi hakuongeza goli jingine, na mwezi wa Septemba akapelekwa Uturuki kwa mkopo. Wako waliomlaumu. Lawama hiyo haina haki. Mtu aitwaye katika mwezi wa Januari, akaingia katika timu isiyomjua, iliyo karibu kushuka daraja, hakuwekwa akiba na mtu yeyote. Yeye ni kama ndoo iombwayo kwa jirani wakati paa limekwisha kushika moto. Kosa lilikuwa la mwezi wa Agosti, wakati Samatta mwenyewe alipokuwa bado Ubelgiji akifanya kazi yake. Villa iliponea chupuchupu: ilipata alama 35, na timu mbili zilizoifuata, Bournemouth na Watford, zilipata 34 kila moja, zikashuka.

Siku hizi timu ya ligi kuu huandika majina 25 ya watu wazima, mbali na vijana, na tangu 2022 yaruhusiwa kuingiza watu watano katika mchezo mmoja. Mwaka 1981 mwalimu wa Uingereza aliruhusiwa kuingiza mmoja tu katika mchezo wa daraja la kwanza. Hayo ni mageuzi makubwa, na yamewapa nafasi watu wengi waliokuwa wakikaa nje. Lakini orodha ya watu 25 haisemi ni wangapi kati yao wawezao kuingia kesho.

Na hapo yafaa kurudi kwa Villa ya zamani, ili habari isomwe mpaka mwisho. Baada ya ubingwa wa 1981 Villa nayo ilitwishwa mzigo wa Ulaya, na katika mashindano ya nyumbani ikaanguka mpaka nafasi ya 11. Saunders mwenyewe aliondoka mwezi wa Februari 1982, akafuata Tony Barton. Hata hivyo timu ilifika kwenye mchezo wa mwisho wa Kombe la Ulaya la mabingwa, uliochezwa Rotterdam katika nchi ya Uholanzi tarehe 26 Mei 1982. Adui alikuwa Bayern ya München, timu iliyokuwa imekwisha kulitwaa kombe hilo mara tatu.

Mchezo ulikuwa na dakika kama kumi tu Jimmy Rimmer, yule golikipa asiyekosa mchezo, alipozidiwa na maumivu ya shingo, akatoka. Kwenye benchi aliketi Nigel Spink, kijana wa miaka 23. Alikuwa Villa tangu 1977, na katika miaka hiyo mitano aliicheza timu ya kwanza mara moja tu, mwaka 1979. Siku nyingine zote alicheza katika timu ya akiba na kufanya mazoezi kila siku pamoja na Rimmer, pasipo kujua kama zamu yake itakuja. Kama hesabu ingefanywa kwa magazeti, mtu huyo asingehesabiwa kabisa.

Akavaa glavu zake, akaingia. Wajerumani walimshambulia kwa zaidi ya dakika 80, akazuia mpira wa juu na wa chini. Dakika ya 67 Morley alimzunguka mlinzi upande wa kushoto akapiga mpira mbele ya goli, Withe akausukuma ndani. Ikawa 1 kwa 0, na hivyo ndivyo mchezo ulivyoisha. Spink alibaki Villa mpaka 1996, akaichezea zaidi ya mara 400.