Mtaa Ukifungwa, Moshi Unamwendea Nani?

Mabishano ya London kuhusu kuifunga mitaa ya makazi ili magari yasikatize humo yamedumu kwa miaka mingi. Mwaka 2015, huko Walthamstow, wapinzani walifikia hatua ya kuandamana na jeneza. Aghalabu habari hizi husimuliwa kama ugomvi wa wenye magari na wapanda baiskeli. Kwa sisi tunaotibu mapafu, masimulizi hayo yanamsahau mgonjwa anayeishi kando ya barabara kuu, ambako magari yaliyozuiwa yanahofiwa kuhamia.

Ella Adoo-Kissi-Debrah alikuwa na umri wa miaka 9 alipofariki kwa pumu mwaka 2013. Nyumbani kwao, kusini mashariki mwa London, palikuwa karibu na barabara ya South Circular. Desemba 2020 uchunguzi rasmi wa kifo chake ulitamka kuwa hewa chafu ilichangia. Mitaa iliyofungwa haikuhusika na kifo hicho. Hata hivyo, mwaka huohuo wa 2020, katikati ya janga la UVIKO-19, halmashauri nyingi ziliweka masanduku ya maua na kamera mitaani kwa haraka, na wakazi wa barabara kuu wakauliza: je, moshi wao tutauvuta sisi? Kuwaita wabinafsi ni kuwaonea.

Ushahidi uliopo unatia moyo. Uchambuzi wa mitaa zaidi ya 100 ya London, uliochapishwa mwaka 2025, uligundua kuwa majeruhi wa barabarani walipungua kwa takriban theluthi moja ndani ya mitaa hiyo, bila kuongezeka kwenye barabara za mpakani. Huko Islington, utafiti wa mitaa mitatu uliona gesi ya nitrojeni dioksidi ikipungua ndani na hata mpakani. Binafsi nauamini ushahidi huu, na naiunga mkono mipango hii. Lakini mitaa mitatu ni michache, na wastani hauvuti hewa. Anayevuta ni mtoto wa njia panda fulani, penye foleni fulani.

Kuhusu magari ya wagonjwa, jambo hili ni la kiufundi kuliko kelele zake: kamera huliacha gari la wagonjwa lipite, sanduku la maua haliliachi. Mlemavu ategemeaye teksi ana hoja nzito zaidi, kwa kuwa kila mzunguko humwongezea nauli na maumivu.

Kinachonisumbua zaidi ni idhini. Katika taaluma yetu, kumpa mgonjwa mwenye akili timamu dawa bila ridhaa yake ni kosa, hata ikimponya. Mei 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa mpango wa West Dulwich, uliowekwa na halmashauri ya Lambeth, ulikuwa kinyume cha sheria, kwa kuwa halmashauri haikuzingatia waraka wa kurasa 53 wa wakazi. Sanduku la maua halikuwa na hatia. Aliyekosea ni yule asiyesoma.

Kwa hiyo hewa ya barabara za mpakani ipimwe kabla ya mtaa kufungwa na baada yake, na vipimo vibandikwe hadharani, pamoja na vile vinavyoiumbua halmashauri. Nasi kliniki, tukimwandikia mwenye pumu dawa ya kuvuta, tumwulize pia: dirisha la chumba chako linatazama barabara gani?